Hati Ulinipa, Miche Nilipanda Mwenyewe

Rashidi, uliyekuwa mchumba wangu,

Mdogo wako Athumani alifika kibarazani kwangu Jumatatu, akanikuta nashona sare za shule. "Shemeji, nimetumwa," akasema, akatoa karatasi yenye mhuri wa huko Kanada. Bado ananiita shemeji, maskini, hajapata jina lingine. Karatasi inasema umefuta hati ya uwakilishi uliyonipa, na kwamba nimkabidhi yeye nyaraka za shamba la Nambilanje "pamoja na kila kilichomo". Nakujibu kwa barua ya wazi kwa sababu na wewe ulimwambia mtendaji wa kijiji kabla ya kuniambia mimi.

Unakumbuka siku tuliyoliona lile shamba? Pikipiki ilituishia mafuta tukiwa tumeshapita Ruangwa, tukaikokota huku tunakula ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, iliyopoa. Ulipanda juu ya kichuguu ukaanza kugawa: nyumba hapa, kisima pale, jiko liangalie mashariki nisipigwe na moshi. Nikakutania, fundi cherehani gani anajengewa jiko kabla ya chumba cha kushonea? Ukasema, "Hata hicho kipo, usiwe na presha." Wiki mbili baadaye ukasafiri. Nilikupenda, na sitakataa leo eti kwa sababu nina hasira.

Hati ilipofika, wakili hapa Nachingwea mjini alinisomea kifungu kwa kifungu: ninunue kwa niaba yako, nisaini kwa niaba yako, nipokee nyaraka na kuzitunza kwa niaba yako. Akavua miwani. "Dada, hapa wewe ni mkono wake. Kichwa ni yeye." Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukakohoa, na tangu siku hiyo ukaniita Mkono Wangu wa Nachingwea. Jina lenyewe nililipenda.

Ushauri nilipewa mwingi. Jirani yangu anayeuza vitenge sokoni hakunificha: "We mjinga? Andika jina lako. Yuko Kanada huyo, atajulia wapi?" Siku ya mauziano niliandika jina lako, la baba yako na la babu yako, kwa herufi kubwa, mtendaji na mashahidi wakiangalia. Langu nililiweka chini, kwenye mstari wa mwakilishi. Ndivyo tulivyokubaliana.

Siku hiyohiyo tulizunguka mipaka na Mzee Ausi, aliyekuuzia, pamoja na majirani wa shamba. Tulipofika bondeni akasimama kwenye mikorosho mitano mikongwe. "Mwanangu, hapa tuelewane. Mimi nauza ardhi. Hii mikorosho ya dada yangu, kapanda yeye, ataokota yeye." Mgeni angeshangaa, lakini wewe ni mtoto wa Ruponda, unajua kwetu mmoja anaweza kuwa na ardhi na mwingine akawa na miti iliyo juu yake. Hata hivyo nilikupigia palepale, maana sikuwa na mamlaka ya kuamua. Nikaweka spika, wote wakakusikia: "Kama alipanda yeye, ni yake. Tusimsumbue bibi wa watu." Mzee Ausi akafurahi, akasema nimepata mume mwenye adabu. Mtendaji akayaandika maneno yako kwenye mkataba, ukurasa wa pili.

Ardhi iliyobaki ilikuwa pori tupu. Nilikuuliza tufanye nini, ukasema niiache, utakuja. Ulikuja? Msimu wa pili nikakuomba nipande mikorosho yangu mimi, ukajibu, "Panda tu, Mkono, si wewe ndiye uko huko." Nikanunua miche ya kubebeshwa, ile iliyounganishwa kikonyo ili izae mapema, kwa hela ya cherehani. Mashimo nilichimba mwenyewe. Mwaka ule mvua ilipotukimbia nilibeba maji kwa ndoo kutoka bondeni, mche mmoja mmoja. Salfa ya kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa unaokausha maua ya mikorosho, nimepuliza mwenyewe, kifua kikaniwasha wiki nzima. Hati yako ilisema ninunue, nisaini, nipokee, nitunze nyaraka. Haikusema nipande. Ile kazi sikuifanya kwa niaba ya mtu.

Habari ya ndoa yako niliipata kwa picha, kwenye simu ya mama yako. Niliumia, Rashidi. Siku hiyo nilikata suruali ya mteja mguu mmoja mfupi. Nyaraka zako zote zilikuwa kwenye sanduku langu, hasira ninayo, hati ingali na nguvu. Sikugusa hata herufi moja.

Kwa hiyo usinitumie karatasi inayoniandika kama mwizi. Nyaraka nimemkabidhi Athumani mbele ya mtendaji, amesaini. Kunifuta uwakilishi ni haki yako. Ardhi ni yako kuanzia barabarani mpaka bondeni, chukua. Mikorosho sitoi.

Athumani alijaribu. "Shemeji, kaka kasema na kila kilichomo." Nikamfungulia ukurasa wa pili nikamwambia asome kwa sauti. Akasoma, akakuna kichwa. "Kumbe kaka mwenyewe alisema." Ndiyo, alisema mwenyewe, na kijiji kizima kilisikia.

Wakili ananionya kwamba ukienda baraza la ardhi lolote linaweza kutokea, sheria ina mambo yake. Nenda. Utatukuta wawili. Dada yake Mzee Ausi yupo, mgongo umepinda, na kila msimu anaokota korosho zake kwenye ardhi yako bila mtu kumgusa. Alichofanya yeye pale bondeni ndicho nilichofanya mimi huku juu. Ukitaka kunitoa mimi, mtoe kwanza yeye, kisha uwaeleze watu kwa nini.

Mwaka huu mikorosho yangu imetoa maua mpaka matawi ya chini. Mabibo yakianza kudondoka nitakuwepo na kikapu changu, mchana kweupe. Na ukirudi kujenga ile nyumba, jenga, jiko ulielekeze upande unaoutaka. Ila siku utakayoketi na mkeo nje jua likiwa kali, mwambie ukweli, kwamba kivuli mlichokalia alikipanda mwanamke mwingine.

Nakuaga bila kinyongo, na bila kurudi nyuma hatua moja.

Aliyekuwa mkono wako,
fundi cherehani wa Nachingwea