Kilio Chako Katika Wimbo wa Aksanti

St Marys,
Sydney, Australia.
Jumanne, 14 Septemba 2021

Mpendwa wifi yangu Dévote,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti hayakusumbui sana kwenye ule mteremko wa kwenda kanisani. Huku tunaendelea vizuri. Korona imefika mtaani kwetu lakini haijaingia ndani, tunamshukuru Mungu. Kaka yako Mushagalusa bado anabeba makontena kwa lori kule bandarini Port Botany, mimi bado nahudumia wazee, na Bénie wetu mdogo anasomea mezani jikoni, akimaliza biskuti zote kwa kisingizio cha hesabu.

Nimeona nikuandikie badala ya kukutumia sauti kwenye WhatsApp, maana nakujua: unaifungulia uani, na kabla haijaisha Bukavu nzima imesikia. Nitazipiga picha kurasa hizi na mwanao Gloire atakuchapishia. Nina jambo la kukuomba ruhusa, na jibu linatakiwa kabla ya Ijumaa.

Binti yetu mkubwa, Aksanti, ameingiza wimbo katika mashindano ya kimataifa. Wanashindana vijana wa nchi nyingi, mwaka huu kwa video tu kwa sababu ya korona, na waandaaji wako Ulaya. Wimbo wake umepita hatua ya kwanza, na video ya hatua ya pili inatakiwa Ijumaa hii. Maneno ni ya Kiswahili, lakini umefuata flamenko, ule muziki wa Wahispania wa gitaa, makofi na kukanyaga miguu. Alianza kujifunza kwa mwalimu mmoja wa Penrith, halafu tulipofungiwa ndani kwa korona akaendelea naye kwenye kompyuta. Usicheke: miguu inayosikika ni yangu. Mushagalusa alileta paleti ya mbao kutoka kazini, tukaiweka pale gari linapokaa, nami navaa buti zake za kazi na kukanyaga kama mtu anayeua mende. Aksanti anasema napitiliza, lakini hajapata mwingine.

Sasa, aina hiyo ya flamenko haianzi na maneno. Inaanza na sauti ndefu ya uchungu, mwimbaji peke yake, kabla gitaa halijaingia. Aksanti aliitafuta sauti hiyo kwa muda mrefu. Alijaribu kuiga ya Wahispania, akasema mwenyewe kwamba inasikika kama nguo ya kuazima. Mwishowe akachukua kilio chako, kile ulicholia mama yenu alipozikwa mwaka jana, sisi tukiwa huku tumebanana mbele ya simu kwa sababu mipaka imefungwa: "Mama, nani atanifungulia mlango?" Sauti ni ya Aksanti, lakini kupanda na kushuka ni kwako kabisa. Nilipokisikia mara ya kwanza niliacha vyombo kwenye maji nikaenda kukaa.

Mushagalusa alikataa. Sijawahi kumsikia akimpandishia sauti binti yake tangu tufike nchi hii, lakini siku hiyo alipandisha.

"Ile kilio haiko ya kucheza nayo," alimwambia. "Ukilia vile, watu watajua kuna maiti ndani ya nyumba."

Aksanti, ambaye tukimsemesha Kiswahili anatujibu Kiingereza, alimwambia kwamba maiti alikuwepo kweli, ni Koko wake, bibi aliyemzaa baba yake, na katika nyumba hii hakuna aliyemlilia kwa sauti. Hilo likamkera baba yake zaidi. Akaamuru kilio kitolewe, la sivyo wimbo usiende. Nyumba ikapoa, wakawa wanapishana kwenye korido kama wapangaji.

Jumatano iliyopita Mushagalusa akiwa kazini, Aksanti alitoka uani kukilia mara ya mwisho kabla ya kukitoa. Nyuma yetu anakaa Mama Nicole, mtu wa Uvira tunayesali naye. Akasikia. Hakuuliza. Aliandika kwenye kundi la kanisa kwamba kwa Mushagalusa kuna msiba.

Unawajua watu wetu. Kukusanyika ni marufuku, na sisi wa mitaa hii tunaruhusiwa saa moja tu kwa siku ya kufanya mazoezi nje, tena na barakoa. Basi wakafanya mazoezi. Nilichungulia dirishani nikaona kina mama wa kwaya wanapita mmoja mmoja, kitenge kiunoni, raba miguuni, sufuria mkononi. Wanaweka mboga ya sombe getini, wanatoa pole, wanatembea mpaka kona, wanarudi. Gari la polisi lilipopita taratibu, Emerance, kiongozi wa kwaya, alianza kurusha mikono kama mwanajeshi. Kila nilipofungua mlango niwaambie hakuna aliyekufa, walinizidi kwa pole.

Mushagalusa alipigiwa simu akiwa kwenye foleni ya malori, akapewa pole bila kuambiwa ni nani. Wifi, fikiria. Akatupigia, na simu zetu zote zilikuwa zinaongea na watu wa pole. Alimwachia mwenzake lori, akaendesha gari lake kutoka bandarini mpaka huku hajui kama ni mimi, ni Aksanti au ni Bénie. Alipotuona watatu tumesimama mlangoni, alishika ukuta.

Nilijua sasa atawaka. Pasta Ephraim alikuwa ng'ambo ya barabara, akamuuliza kwa upole ni nani ametutoka. Mushagalusa alimgeukia, bado amevaa fulana yake ya kazi ya rangi ya machungwa.

"Ni mama yangu," akasema.

Pasta akasema wao walisikia mama alifariki mwaka jana.

"Ni yeye yule," akajibu. "Sikupata kumulilia."

Hakuna aliyecheka. Nilimletea kiti, akakaa ndani ya geti, nao wakaendelea kupita, kila mmoja akitoa pole na yeye akiitikia, mpaka giza likaingia. Mwaka jana tulifanyiwa ibada ya Zoom, skrini ikazimwa, kesho yake tukaenda kazini. Mimi nilidhani yalikwisha.

Walipomaliza kupita, alimwita Aksanti hapo getini akamwambia alie tena. Aksanti akalia, na kaka yako akaingia naye, kwa sauti mbaya ya mtu asiyejua kuimba, mabega yanatikisika. Nilifurahi na kuumia kwa pamoja, sijui nikueleze vipi.

Sasa hana tena neno juu ya wimbo, ila moja: kilio kina mwenyewe, na mwenyewe ni wewe uliyesimama kaburini. Gloire anayo video ya wimbo. Itazame ukiwa peke yako, kisha utuambie ndiyo au hapana. Ukikataa, Aksanti ataanza na gitaa. Amekubali, ingawa anasema wimbo utakuwa umekatwa kichwa.

Tusalimie Candide na wanawe, na majirani wote waliochimba kaburi na kukesha nanyi. Mungu awalinde na ugonjwa huu, awape afya na chakula, na siku moja atufungulie njia tuonane.

Ukisema hapana, wifi, tutakitoa kwenye mashindano bila kinyongo. Lakini hapa nyumbani usituambie tukiache. Hatuna kingine cha kumlilia Mama.

Wifi yako akupendaye kama ndugu wa tumbo moja,
Bibiane