Mke Mwenza wa Dirishani

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Pokea salamu zangu, uzigawe humo nyumbani bila kumpunja mtu. Mgongo wako unasemaje siku hizi? Na hao vijana wako, wameshajifunza kupokea simu au bado wanaiacha ilie mpaka ichoke yenyewe? Mimi ni mzima, nikiyaweka magoti kando. Shemeji yako naye anaendelea vizuri. Mkono umerudi, kikombe anashika mwenyewe, na jikoni anafika kwa kuegemea ukuta. Ulimi ndio uliochelewa. Tangu alipopatwa na kiharusi, maneno anayo kichwani, ila yakifika mdomoni yanabadilishana nafasi. Anataka kijiko, anasema kitana. Daktari alisisitiza kwamba azungumze kila siku, na wa kuzungumza naye ni nani kama si mkewe?

Hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Cheka kwanza, kisha uendelee kusoma: nimepata mke mwenza, na ana mkia.

Ni kindi. Uliwahi kuniandikia kwamba huko kwenu wapo wa kijivu, wanene, wanaookota makombo bustanini miguuni pa watu. Wa kwetu ni wembamba, rangi ya mchanga uliolowa, na hupita juu ya nyaya za umeme kama watu waliochelewa kazini. Zamani sikuwatazama mara mbili. Nani mjini humtazama kindi? Huyu mmoja, jike mwenye sikio lililochanika, alianza kushuka kwenye dirisha la chumba chetu kufuata karanga zilizomponyoka shemeji yako mkono ulipokuwa bado dhaifu. Baadaye mkono ukapona, na karanga zikaendelea kumponyoka.

Asubuhi moja nilikuwa sebuleni nikikunja nguo, nikasikia mwanamume anazungumza chumbani. Nilidhani ni redio. Kumbe ni mume wangu! Yeye ambaye kwangu hujibu kwa kutikisa kichwa tu, alikuwa akimweleza kindi jinsi saa ya ukutani inavyotiwa ufunguo. Unajua alivyo fundi saa hata katika usingizi. Maneno yalikuwa yamepinda, mengine hayakuwa na kazi mahali pale, lakini yalitiririka. Alimwonya asile kwa pupa. Akamwita bibie. Bibie, mdogo wangu! Mimi tangu siku ya arusi naitwa "wewe", na akiwa na furaha sana, "mwalimu". Nilipoingia, kindi aliruka, naye shemeji yako akafunga mdomo kama mtu aliyefumaniwa.

Tangu hapo sikuwa na raha. Nilihamishia kiti changu dirishani, nikakaa na karanga kiganjani, nikimwuliza mume wangu kama amelala vizuri na kama chai ina sukari ya kutosha. Akatikisa kichwa. Nikitoka tu, nasikia bibie hivi, bibie vile. Nilimweleza fundi cherehani wa ghorofa ya chini, yule tunayemwita Mama Pindo. Alicheka hata pini zikamdondoka mdomoni. Akasema, "Dada, mwenzio amekuja na manyoya yake, hata gauni hatakudai. Wengine tunawatafuta wa namna hiyo hatuwapati!" Akanishauri nimezee. Nilikataa kumezea. Mtu nimemwosha, nimemlisha, nimemfundisha upya kufunga vifungo, halafu maneno yake ayafaidi mnyama anayetafuna nyaya za watu?

Basi, siku alipopelekwa kliniki kufanya mazoezi ya viungo, nilimwita seremala akapigilia wavu wa chuma dirisha zima. Shemeji yako aliporudi nilimwambia ni kwa ajili ya mbu. Kindi alikuja, akakwaruza wavu, akatutazama, akaenda zake. Nakiri kwamba nilifurahi.

Furaha yenyewe haikukaa. Shemeji yako aligeuza kiti, akaupa ukuta uso, akanyamaza kabisa, hata kitana sikukisikia tena. Daktari alipompima alinikemea mimi, mtu mzima, akasema ulimi unarudi nyuma, na akiendelea kunyamaza, hayo machache aliyoyapata yanaweza yasirudi.

Siku hiyohiyo nilimkalia mbele. Nikamwuliza kwa nini humweleza mambo yake kiumbe asiyemwelewa, na mimi ninayemwelewa ananinyima. Alihangaika hata jasho likamtoka. Mwishowe akasema, "Yeye hanisahihishi."

Sentensi hiyo ilitoka nzima. Niliitafutia kosa, sikuliona.

Mdogo wangu, wewe nilikufundisha kusoma, unanijua. Kila aliposema kitana, nilikishika kijiko juu nikamtaka arudie mpaka apatie, ndipo nimpe. Wakati mwingine uji ulipoa tukingali kwenye neno moja. Niliamini kwamba ndiyo tiba. Kumbe nilikuwa nimemrudisha mume wangu darasani, na kila siku alifeli mbele yangu.

Sikumngoja seremala. Niliung'oa wavu mwenyewe kwa koleo, kidole kikachubuka. Kindi alichelewa kurudi, nami nilimngoja kwa hofu kubwa kuliko nilivyowahi kumngoja mgeni yeyote. Alirudi, hana hata haya. Wivu haujaniisha, sitakudanganya. Nikimwona amejitupia mkia mgongoni kama mtandio, roho inaniuma. Lakini jana jioni shemeji yako alinigeukia, akaniita shangazi, akaniomba nimfunike mlango. Ulimi uliniwasha. Niliuuma, nikaitika abee, nikamfunika blanketi. Akaendelea kuzungumza, nami nikamsikiliza mpaka akamaliza mwenyewe.

Mtakapokuja, akikuita kwa jina lisilo lako, itika. Waonye na vijana. Wabusu wote, na mgongo huo uupumzishe.

Ni mimi, dada yako mkubwa akupendaye.