Sweta la Haradali kwenye Pangaboi

Mpendwa Shangazi Edna,

Naomba msaada wako kabla ya Jumatatu ijayo, maana nimemponza mtu mwema na ulimi wangu umegoma kusema. Mimi na mume wangu Norris tunaishi kwenye boti yetu katika mfereji wa Tipton, na mwezi ujao anatimiza miaka sabini, basi nikasema safari hii simnunulii soksi, nitamfumia sweta kwa mikono yangu mwenyewe, tena la rangi ya haradali anayoipenda, na kwa kuwa nilikuwa sijui hata kushika sindano nikamwendea jirani yetu Gethin, mzee mjane wa Kiwelshi ambaye boti yake imefungwa nyuma ya yetu, ndiye anayewafumia kofia nusu ya watu wa mfereji huu, akanipa uzi wake, akanifundisha kila Jumatano kwa miezi mitatu, na Norris nikimdanganya kwamba nakwenda mazoezi ya viungo.

Sweta likatoka kituko! Mkono mmoja sawa, wa pili unafika magotini, shingo haipiti hata chungwa. Nikaona aibu, nikalisokomeza kwenye mfuko wa taka, nikauweka mfuko juu ya paa la boti kama tunavyofanya sote mpaka tufike penye mapipa, ila mimi kwa akili zangu nikaupandisha juu ya magunia ya makaa, na Jumapili ya wiki iliyopita asubuhi, usukani nimeushika mimi, Norris yuko ndani anachemsha chai, tukapita chini ya daraja moja la chini sana na daraja likaukwangua mfuko ukapasuka na sweta likatumbukia majini mbele ya macho yangu, na kabla sijafungua mdomo injini ikaguna, moshi mweusi, boti ikasimama katikati ya mfereji.

Norris akaja nyuma, akafungua mfuniko wa sakafuni ulio juu ya pangaboi, lile linalozunguka majini kuisukuma boti, akalala kifudifudi, mkono umezama kwenye maji ya baridi mpaka begani, kisu cha mkate kiganjani, akawa anakata na kuvuta, anakata na kuvuta, huku akiwalaani watupa taka wote wa dunia. Saa nzima, Shangazi. Yakatoka mafundo ya uzi wa haradali, yakatoka mengine, na mwisho ukatoka ule mkono mrefu wa sweta, mzima, haujakatika hata uzi mmoja.

"Hebu ona!" akasema. "Aliyefumiwa hiki ni mtu au sokwe?"

Nikacheka, kumbe nataka kulia. Gethin alikuwa ametangulia kwa miguu kutufungulia malango ya maji yanayopandisha na kushusha boti, kama kawaida yake, akarudi mbio kutusaidia. Norris akamning'inizia ule mkono usoni.

"Kwenye mfereji huu anayefuma ni nani, bwana?"

Gethin akautazama uzi, akanitazama mimi, akasema, "Uzi ni wangu."

"Miaka kumi na mmoja unakunywa chai yangu, kumbe ndiye unayenijazia takataka kwenye pangaboi! Usikanyage tena boti yangu!"

Nami nilikuwa nimesimama pale pale na usukani wangu, kimya. Sasa Gethin anasema Jumatatu anafungua kamba anarudi kwao Wales. Norris anasema hajali, lakini chai anamwaga nusu kikombe na kutwa yuko dirishani anaitazama boti ya mwenzake. Ule mkono hajautupa, ameufua na kuukausha juu ya jiko, eti ni ushahidi, na kila asubuhi akishakagua pangaboi na kutoa mkono majini anauvaa apate joto. Nikisema ukweli atajua za Jumatano zote, na ataniuliza nimemdanganya mangapi mengine. Nifanyeje?

Mimi Mwenye Aibu, Tipton

*

Mwenye Aibu,

Pole, mama. Hayo ya pole yameisha, sasa nisikilize.

Nimeishi kwenye boti miaka thelathini na mmoja. Kwenye pangaboi langu nimetoa godoro, gauni la harusi, waya wa kitanda na suruali ya polisi, na sijawahi kukutana na mtu aliyezungusha zawadi ya mumewe mwenyewe kwenye shafti. Hongera, umevunja rekodi. Mfuko wa taka juu ya magunia ya makaa, halafu daraja la chini! Hata wageni waliokodi boti kwa wiki moja wanajua kutazama juu.

Lakini hilo ni la kuchekesha, na siku moja mtalicheka wote watatu. Lisilochekesha ni ukimya wako. Gethin angeweza kujisafisha kwa kusema tu, "Muulize mkeo." Hakusema, kwa sababu anailinda siri ya siku ya kuzaliwa ya mtu anayemtukana. Marafiki wa namna hiyo hawaokotwi mferejini. Wewe unamwacha afungue kamba kwa sababu unaogopa kuulizwa juu ya Jumatano? Mlikuwa mnahesabu vitanzi vya sufu, mama! Norris atakasirika kwa dakika kumi. Gethin akiondoka, atanung'unika miaka kumi, na atakunung'unikia wewe.

Naye Norris ana lake. Kumhukumu rafiki wa miaka kumi na mmoja kwa fundo la uzi, bila hata kumuuliza! Mwambie mimi nimesema.

Sasa fanya hivi. Majina nimeyabadilisha, lakini sweta la namna hiyo ni moja tu katika mifereji yote, na gazeti hili linafika kwenu Ijumaa. Majibu haya nimekutumia kwa posta leo Jumanne, kwa hiyo usingoje. Asubuhi ya kwanza baada ya kuyapata, Norris akishalala kifudifudi kukagua pangaboi na mkono umezama, simama mlangoni useme yote, kuanzia sindano ya kwanza mpaka darajani. Akiwa vile hawezi kuondoka wala kukukatiza. Akiinuka kukimbilia kwa Gethin, mshike shati kwanza, arudishe ule mfuniko na kuukaza vizuri, la sivyo mtawasha injini maji yaingie, boti izame, na mimi niletewe barua nyingine.

Halafu mfuate mpaka kwa Gethin. Umwombe radhi wewe, kwa mdomo wako, Norris akisikia.

Na hilo sweta unalosema limeharibika: mumeo ameufua ule mkono, ameukausha, na kila asubuhi anauvaa. Ushahidi hauvaliwi, mama. Anauvaa kwa sababu una joto na unamfaa kwa kazi ile ya baridi. Mwombe Gethin abaki akufundishe tena, na ule mrefu msiuguse. Fumeni mkono wa pili ulingane nao.

Shangazi Edna