Mlango Wenye Kitambaa cha Njano

Mdogo wangu Yoshinari,

Salamu nyingi kutoka huku pwani, ambako theluji imekwisha lakini baridi bado imegoma kuondoka. Mkeo hajambo? Kile kikohozi kimemwachia? Sisi tu wazima. Mume wangu Kunio anashinda kwenye masufuria ya kuchemshia mwani, anarudi akinuka bahari hadi nywele.

Jana tuliwakumbuka waliochukuliwa na tsunami, kisha tukafanya zoezi la kukimbilia mlimani. Tangu niolewe huku, kuna jambo linanitatiza. Mama mkwe wangu, Bi Tokie, ana miaka themanini na anatembelea fimbo, lakini king'ora kikilia nami nikakimbilia kwake kumshika mkono, simkuti. Nakuta kitambaa cha njano mlangoni, yaani wenye nyumba wameshapanda. Hata hivyo nagonga, naita, nachungulia jikoni. Nikifika juu hekaluni namkuta na akina mama wanaopika chakula cha dharura, anakunywa supu ya miso, ananiambia mbele ya watu, "Umekufa tena, mkwe wangu. Haya, kunywa supu."

Watu wanacheka. Nami najiuliza, bibi huyu ana mbawa?

Mwaka huu udadisi ulinizidi. Nilimaliza mapema kufunga mablanketi tunayowapelekea waliobomokewa na tetemeko kule Noto, nikajibanza nyuma ya ghala la jirani. King'ora hakijalia, nikamwona anatundika kitambaa chake na kuanza kupanda polepole. Nilimfikia kwenye ngazi za hekalu, nikamwambia kumbe mama u mdanganyifu, unaanza mbio kabla ya filimbi. Akacheka, halafu akaketi.

Hapo akaniambia habari ambayo Kunio hajapata kunisimulia. Siku ile ya maji, yeye alikuwa ameshafika hekaluni. Mwanawe mkubwa, Masaru, naye alikuwa salama kazini kwake juu, lakini aliteremka na gari kumfuata mama yake. Bi Tokie alimwona kutoka mlimani akigonga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Alimwita mpaka sauti ikakauka. Masaru hakusikia, maana naye alikuwa akimwita yeye.

"Ndiyo maana kila mwaka nakuachia nyumba tupu," akasema, "mpaka uzoee. Lakini wewe kichwa ngumu, bado unagonga tu. Siku ya kweli pita moja kwa moja. Kila mtu na miguu yake."

Nililia pale pale, wala sikuona haya. Nikamwahidi.

Sasa nami nina neno kwako. Mwaka jana ardhi ilipotikisika, ulinipigia simu ukasema umeshawasha gari, unakuja kunichukua. Nilifurahi mno, nikajiona mtu mwenye ndugu. Leo furaha ile inanitia hofu. Ikitikisika tena, usije. Nisipopokea simu, usije. Nitakuwa juu mlimani, na kitu nisichotaka kukiona kutoka huko ni gari lako.

Mpe mkeo salamu zangu, na unijibu upesi kwamba umekubali.

Dada yako akupendaye,
Chigusa