Kiti cha Marehemu Orville

Mpendwa dada Lavinia,

Bwana asifiwe. Goti linaendeleaje? Huku theluji imeyeyuka, na kanisani wamenishonea shali.

Bado nakikalia kiti cha marehemu mume wangu katika bunge la jimbo, kama wajane wa wabunge wanavyopewa huku wakishikilie, mpaka uchaguzi. Kesho tunaamua kama hospitali ya kwetu ifungwe. Kwa hesabu zilivyo, kura zimelingana, imebaki yangu.

Leo kiongozi wa chama, anayetaka ifungwe, kaniletea kahawa. "Bibi Hedda, kiti tulikupa ukipashe joto tu mpaka uchaguzi, si utupikie mambo yako humo!"

"Orville alikata roho njiani akipelekwa hospitali ya mbali," nikamwambia. "Hii ya karibu siifungi."

"Basi mwanao Wendell aage kazi yake ya barabara za jimbo."

Dada, Wendell ana watoto wachanga. Nimesali, na bado nitasema hapana. Sijathubutu kumwambia. Wewe anakusikiliza, nikuachie umwambie? Tafadhali nijibu upesi.

Mdogo wako,
Hedda