Foleni ya Kandambili

Ijumaa, 9 Oktoba

Semina ya waangalizi wa uchaguzi imeisha. Nimepewa fulana, kitambulisho, boksi zima la barakoa, na sheria moja iliyorudiwa mpaka masikio yakachoka: mwangalizi haongei na mpiga kura. Anatazama, anaandika. Akiona hatari anamwambia msimamizi wa kituo, basi. Sisi hatuhesabu kura. Tunaangalia kinga dhidi ya ugonjwa huu wa mapafu unaoenea: maji ya kunawa, barakoa, umbali.

Mimi nikae kimya! Walioniteua hawanijui.

Nyumbani vita. Mama anataka kupiga kura, na kituo chake ndicho nilichopangiwa. Nikamkumbusha pumu yake, na juzi juzi tu alivyolazwa na oksijeni puani. Akasema mapafu ni yake na kura ni yake. Kisha akanichoma: kura za watu unazilinda, ya mama yako unataka ilale nyumbani? Nimesalimu amri. Tumekubaliana aje mchana, foleni ikipungua.

Jumapili, 11 Oktoba

Leo ndiyo kura, na Mama kaja asubuhi. Mchana gani!

Niandike vizuri maana bado nacheka. Kwenye uwanja wa kituo walichora maduara ya chaki, kila mtu na lake. Mwanzoni safi kabisa. Jua likapanda. Mmoja akavua kandambili, akaziacha kwenye duara zimshikie nafasi, akaenda zake kivulini. Wenzake wakaona hiyo ndiyo akili! Kufumba na kufumbua, foleni nzima ni kandambili — zimepangwa, umbali wa kuigwa — na wenyewe wamebanana chini ya turubai, barakoa kidevuni, porojo zimekolea. Sasa niripoti nini? Viatu vimezingatia masharti?

Halafu nikamwona Mama. Peku, benchi moja na fundi viatu wa mtaani kwetu, na fundi anakohoa mpaka benchi linatikisika.

Nikamkimbilia msimamizi. Anabishana na wakala wa chama, akaniambia nisubiri. Nisubiri! Kikohozi kinasubiri?

Nikasimama mlangoni pa kituo nikapaza sauti: "Mama! Rudi kwenye viatu vyako!"

Wakageuka wanawake wote. Wote! Wakainuka kwa pamoja, wanaume nao wakafuata, kila mtu anatafuta kandambili zake. Turubai likabaki tupu. Mama akanitazama, akapandisha barakoa, akafuata kandambili zake. Fundi nilimshika mkono mwenyewe kupanda ngazi za kituo, maana pumzi zilikuwa zimemwishia.

Jioni Mama kanionyesha kidole chenye wino. "Umeona? Sijafa."

Jumatatu, 12 Oktoba

Nimeshtakiwa. Wakala kasema mwangalizi alimfokea mpiga kura. Mratibu wetu akapiga simu — nilifanya hivyo? Nikamwambia nilimsemesha mama yangu. Halafu akacheka! Akasema naye ana mama mkaidi. Onyo la mdomo tu. Nimeshusha pumzi.

Jumatano, 14 Oktoba

Leo hakuna utani. Fundi viatu amelazwa. Ni ugonjwa huu huu. Mama na mimi tumepimwa, nami nimehamia stoo, godoro kati ya ndoo na pasi mbovu. Nasikiliza ukutani. Mama akikohoa, nami nabana pumzi. Naogopa. Naogopa sana.

Ijumaa, 16 Oktoba

Hana! Mama hana!

Nesi kasema majibu yake ni safi, nikakaa sakafuni nikalia kwa kwikwi. Fundi naye ameanza kula. Mkewe anasema anagombana na manesi — basi amepona huyo!

Yangu bado, nesi atapiga simu tena leo. Sina homa. Vitunguu vya jirani navinusa mpaka huku. Wasiwasi mdogo tu.

Nimemwambia Mama asikanyage huku mpaka nipigiwe. Kakubali upesi mno. Nimechungulia kwenye tundu la ufunguo: kandambili zake zipo mwisho wa korido, zimepangwa sawasawa, umbali wa kuigwa.

"Mama, uko wapi?"

"Si unaona viatu? Niko huku mbali."

Sauti iko hapahapa, nyuma ya mlango.

Simu inaita. Ni zahanati. Naiangalia tu. Na Mama, huko huko kwake mbali:

"Pokea, basi!"