Sitaki Wifi Yangu Amnyonyeshe Mtoto Ninayemwendea Unguja

Mpendwa Bi Masouda, naomba msaada wako, na naomba kwanza usinicheke, maana hata mimi nikilisimulia hili peke yangu huanza kwa kucheka na kuishia kwa kulia. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini, nakaa Darsait hapa Maskati, wazee wangu wote wawili ni wazaliwa wa Unguja, na safu yako naisoma kwenye simu nikiwa ndani ya basi la kazini kuelekea Rusayl. Jina langu usilitoe, na ya wengine nimeyageuza. Nimeolewa na mtu mwema, nimwite Aflah, tumekaa miaka kumi na tano bila ya mtoto, tumehangaika na madaktari wa hapa na wa Bombei, tumesomewa, tumekunywa kila tulichopewa, mpaka siku moja mume wangu akaniambia, "Khalas, bibi, mimi na wewe nimeridhika. Lakini nnakuona unavyowatazama watoto wa watu. Tutafute mtoto tumlee." Nikalia kwa furaha, kwa sababu mimi nilikuwa nalitaka hilo siku nyingi na nilikuwa naona haya kulisema.

Basi Idi kubwa iliyopita tukaenda Unguja, kwenye nyumba moja ya kulelea mayatima, na huko ndiko nilikomkuta Arafa. Mama yake alifariki siku aliyomzaa, na baba yake alikuwa ameshatangulia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na kijiko mkononi, hataki kukitoa kwa mtu, na nilipomnyanyua hakulia, alinitazama sana, kisha akanishika sikio akalala. Ndiyo tabia yake hiyo, Bi Masouda, halali mpaka abane ncha ya sikio la mtu. Herini yangu ilimchoma kidole akashtuka, na tangu siku ile nimezivua sijazivaa tena, wenzangu wananiuliza kama nimezipoteza, nawaambia nimechoka nazo tu, na ukweli ni kwamba kila nikilala naona sikio langu limekaa bure.

Vibali vya hapa na karatasi za kule vimechukua muda, na mimi ndiye niliyekuwa nafuatilia kwa sababu Aflah hana subira na maofisi, yeye akiambiwa njoo kesho huondoka na hasira zake harudi tena. Nimeshatengeneza chumba, kitanda kimefungwa, nguo nanunua kwa kukisia, nazikunja nazipanga, kisha mlezi wa kule akinitumia picha naona mtoto amekua na nguo zimekuwa ndogo kabla hajazivaa, nanunua nyengine.

Sasa liko hili la maziwa. Unajua kwetu mtoto wa kulea habadilishi ukoo, Arafa atabaki na jina la baba yake na hilo tumeliridhia, lakini akija kuvunja ungo Aflah atakuwa si maharimu wake, itabidi ajifunike mbele ya mtu aliyemlea, na siku ya harusi yake asiweze hata kumkumbatia. Njia ni moja, anyonyeshwe na mtu wa upande wa mume kabla hajatimiza miaka miwili. Mama mkwe wangu ndiye aliyepanga yote. Dada yake Aflah, Bashayer, ananyonyesha mtoto wake wa nne, basi aombe likizo skulini anakosomesha, asafiri pamoja nasi, amnyonyeshe Arafa kule kule, maana sharti la kibali ni anyonyeshwe kabla hajatolewa. Mama mkwe akasema, "Akishanyonya kwa Bashayer, Aflah keshakuwa mjomba wake, mie nshakuwa bibi yake, tena hapana wa kunambia kitu. Nna hamu naye huyo mjukuu wangu!" Nami niliitikia na nikamshukuru Bashayer kwa moyo safi, wallahi sikuwa na neno.

Neno liliingia Ijumaa moja tulipokuwa tunakula kwa mama mkwe. Bashayer alikuja na kifuko, akatoa kigauni cha njano akakinyanyua juu akasema, "Jamani, nimemnunulia binti yangu wa Unguja!" Wakapiga vigelegele, mama mkwe akakibusu kile kigauni, Aflah akacheka mpaka machozi. Mimi niliinuka nikaenda jikoni kuosha sufuria la wali ambalo lilikuwa halijaisha wali. Nilisimama pale na maji yanakwenda, nikahesabu mmoja mmoja: Bashayer atakuwa mama yake, watoto wa Bashayer ndugu zake, Aflah mjomba wake, mama mkwe bibi yake, nyumba nzima imepata cheo, na mimi niliyevua herini nitakuwa mke wa mjomba.

Bi Masouda, kuanzia hapo akili yangu haijatulia. Nilisikia kwamba mwanamke asiyezaa anaweza kupata maziwa akinywa dawa na kujikamua, nikazitafuta dawa, nikanunua mashine ya kukamulia, na kazini wakati wa chakula cha mchana najifungia stoo naikamua nafsi yangu. Siku moja akanifuma Wilkister, Mkenya wa mapokezi, akaona ile mashine akashika mdomo, "Kumbe ulijifungua na hukutuambia! Ai, wewe ni msiri! Hongera sana, mama!" Ningeweza kumwambia ukweli. Nikamwambia ahsante, na siku ile nzima nilikuwa na furaha ya kitu ambacho si changu. Kilichotoka mpaka leo ni matone ya kulowesha kidole, na hizo dawa zinanipeleka moyo mbio.

Sasa lililo baya zaidi. Mlezi wa Arafa ameshanipigia simu kwamba kila kitu kimekamilika, njooni mumchukue mtoto wenu. Nami sijamwambia mtu. Aflah akiuliza wamesemaje, namwambia bado sahihi moja. Bashayer ameshapewa likizo, akiipoteza hii hatapata nyengine mpaka mwaka wa skuli umalizike, na Arafa miaka miwili ataitimiza kabla ya hapo. Najua hayo yote. Lakini kila nikitaka kusema nasema moyoni, labda wiki hii maziwa yatakuja, nikienda niende na yangu.

Jana nimetumiwa video, Arafa anatembea. Anakwenda anaanguka, anainuka, anamwendea yule mlezi na mikono juu. Nimeitazama mpaka simu ikazima. Nilitaka zile hatua azipige akinijia mimi.

Nifanye nini, Bi Masouda? Nimwambie Bashayer abaki? Nisubiri maziwa yangu? Au mimi ni mtu mbaya tu, na mtu wa namna hii hafai kupewa mtoto?

Mwenye Hamu, Darsait

BI MASOUDA ANAJIBU

Mwanangu Mwenye Hamu, sikukucheka. Nilikuwa pamoja nawe mpaka jikoni kwa mama mkwe wako, nikaliona na hilo sufuria, na ningekuwepo ningekusaidia kuliosha. Mwanamke aliyekaa miaka kumi na tano anataka kuitwa mama, kisha neno lenyewe likapita mbele ya macho yake likaenda kumkalia mwenziwe mwenye watoto wanne, lazima limuume. Huna ubaya wowote kwa hilo. Usiniulize tena kama wewe ni mtu mbaya.

Lakini nilipofika pale kwenye "bado sahihi moja," huruma ilinitoka nikaanza kutafuta bakora. Mtoto yuko tayari, mlezi amekuita, wifi ameshapewa ruhusa, kitanda kimefungwa, na wewe umejifungia stoo ya Rusayl unangoja matone! Wazee walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa tumbo linaloumia si lako peke yako. Unalalamika Arafa anamwendea mlezi na mikono juu. Amwendee nani, na wewe unamdanganya mumeo ili usiende?

Nikwambie na jengine ambalo pengine hukulifikiria. Katika hadithi yako yuko mwanamke ambaye hakusema lolote, na wewe umemtaja kwa sentensi moja ukapita. Huyo ni mama yake Arafa. Alimbeba tumboni, akamzaa, na hakupata kumpakata hata siku moja. Kama tutaanza kugombania nani mwenye haki ya neno hilo, yeye ndiye wa kwanza kusimama, na wewe na Bashayer mtakaa chini mnyamaze. Yeye ameshaondoka, na alichobakisha ni kazi. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na hiyo kazi bado haina mtu. Aliyeombwa ni wewe.

Kuhusu cheo chako. Ni kweli, katika mambo ya maharimu utakuwa mke wa mjomba, na hilo lina manufaa yake makubwa kwa mumeo na mtoto, ndiyo maana mama mkwe wako akalipanga, Mungu ampe umri. Lakini mtoto akiumwa na jino haiti maharimu. Anamwita anayelala naye. Bashayer atamnyonyesha siku za safari, kisha atarudi kwake kwa wanne wake, na nakuhakikishia hana nafasi ya wa tano. Homa, skuli, kusuka nywele, kukataa kula, kukujibu vibaya akifika miaka kumi na tatu, hayo yote yamekaa yanakungoja wewe. Ukiyamaliza hayo na bado ukaona hukuwa mama, njoo unigombeze.

Na yule wifi yako, muogope Mungu. Alikinyanyua kigauni akasema binti yangu. Ulitaka asemeje? Ulitaka ampe ziwa mtoto wa watu huku amenuna? Wako wanaume na wanawake wengi wanaoandika hapa, ndugu zao wamewakatalia hata kumpokea mtoto yatima nyumbani, wanawaambia hatumjui baba yake. Wewe umeolewa katika nyumba iliyompigia vigelegele kabla hajafika. Unajua ni wangapi wanaotamani sufuria hilo?

Basi sikiliza utakavyofanya, na ufanye leo. Anza na mumeo. Mwambie simu imeshakuja na wewe ulimficha, na umwambie kwa nini. Atakasirika, acha akasirike, huyo aliyekwambia "nnakuona unavyowatazama watoto wa watu" atakuelewa kuliko unavyodhani. Usingoje ajue kwa mlezi, mficha maradhi kilio humfichua.

Ukimaliza kwa mumeo nenda kwa Bashayer, uende mwenyewe kwa miguu yako, simu haifai kwa hili. Mwambie, "Wifi, nilikuonea wivu." Maneno hayo matatu tu yanatosha kumfungua mtu. Mwambie na unalolitaka, kwamba yeye anyonyeshe na wewe ukae ubavuni, na kwamba mtoto afundishwe kukuita wewe mama, na yeye achague jina jengine zuri la kuitwa. Yeye ni mama wa wanne, hilo hatokunyima.

Dawa hizo acha kuzimeza mpaka ukamwone daktari, na umweleze moyo unavyokwenda mbio. Arafa ameshazika wazazi wawili, usimtafutie wa tatu. Kama daktari atasema unaweza kuendelea bila ya madhara, na sheikh wenu akakuelezeni hukumu ya maziwa ya namna hiyo, mimi sina la kukukataza, mnyonyeshe na wewe. Lakini safari isisimame kwa ajili hiyo hata kwa siku moja.

Liko jambo la mwisho, na hili nakwambia kwa sababu nimewaona watoto wengi. Arafa ameshazoea kijiko, hajawahi kuona ziwa, na huenda Bashayer akampa akageuza uso akalia. Msishtuke. Muulizeni sheikh wenu kabla ya kuondoka kuhusu maziwa yaliyokamuliwa na kutiwa kikombeni, wako wanavyuoni wengi wanaosema akiyanywa ni kama amenyonya. Akisema yafaa, Bashayer akamue, kikombe ushike wewe, mtoto umweke mapajani mwako, umnyweshe wewe, kwa mkono wako, mpaka ashibe na akushike sikio. Maziwa yatakuwa ya wifi yako, lakini uso atakaokuwa mtoto anautazama utakuwa wako.

Kata tiketi. Na mkisharudi Darsait usihangaike kuniandikia kunishukuru, utakuwa umebeba mtoto na mikono haitoshi.

Bi Masouda